Wamenichukulia pasipoti, naombeni ushauri

Begi_Mlangoni: Wakuu, ofisa kaichukua pasipoti yangu, kasema tu "maagizo ya juu". Mimi ni raia wa kuzaliwa. Wana mamlaka hayo kweli? Safari imekaribia, usingizi sina.

Ngoja_Waje: Nimekaa kimkao, nasubiri wanasheria.

Kifungu_Kidogo: Mamlaka wanaweza kuwa nayo mkuu, ila yana mipaka. Lazima sheria iruhusu, upewe sababu na usikilizwe. Maneka Gandhi alinyang'anywa yake India 1977, akaambiwa ni "maslahi ya umma" basi. 1978 Mahakama ya Juu ikasema haki ya kusafiri nje imo katika uhuru wa mtu, na utaratibu wa kuigusa lazima uwe wa haki. Hata hivyo hawakuamuru arudishiwe papo hapo. Serikali iliahidi kumsikiliza. Dai sababu kwa maandishi. Una kesi popote?

Begi_Mlangoni: Hiyo haihusiani.

Mama_Wawili: Yangu niliifua pamoja na suruali. Picha ilitoka kama mzimu, na bado nilisafiri nayo!

Msoma_Hukumu: Marekani 1958, kesi ya Kent dhidi ya Dulles: Bunge halikumpa waziri mamlaka ya kumnyima mtu pasipoti kwa itikadi yake. Ila 1981 Agee, aliyewahi kuwa CIA, alishindwa kwa hoja ya usalama wa taifa.

Kifungu_Kidogo: Begi, nimekuuliza swali.

Begi_Mlangoni: Haya. Niko nje kwa dhamana, ugomvi wa biashara tu. Hakimu alisema niisalimishe, nikawa bado bado, ndo wakaifuata. Na msinihukumu: nimeshajaza fomu ya kupotelewa nipate nyingine. Uongo uko wapi? Mkononi si sina?

Mzee_Baraza: Kijana, tamaa ya safari itakufunga.

Kifungu_Kidogo: Basi Maneka muweke pembeni. Hilo ni sharti la dhamana, si ubabe wa ofisa. Wakili wako aombe mahakama ilegeze sharti, aambatanishe tiketi na tarehe ya kurudi.

Jicho_Kali: Chai hii! Mara maagizo ya juu, mara hakimu. Na fomu hiyo uliijazaje bila ripoti ya polisi?

Begi_Mlangoni: Ripoti ninayo.

Ngoja_Waje: 😂😂 Umewaripotia polisi imepotea, na ofisa anayo droo­ni?

Mama_Wawili: Mwandishi huyu, anatunga. Aweke picha ya ripoti.

Kifungu_Kidogo: Asiweke chochote! Begi, kama ni kweli, acha kuandika humu, mpigie wakili leo.

Begi_Mlangoni: Wakili ndiye aliyenitafutia hiyo fomu.