Shingo imekaza hadi kisogoni: nichomwe sindano kavu au niache?

CherehaniMbili
Hamjambo wadau. Mimi ni fundi wa nguo wa miaka mingi, kibanda changu kiko Kariokor, Nairobi. Wiki hii shingo imenikaza upande wa kulia, maumivu yanapanda kisogoni na kuzunguka hadi jichoni. Mteja akiniita lazima nigeuke na mwili mzima. Nimeelezwa kuhusu sindano kavu, zile nyembamba zisizo na dawa, zinachomwa kwenye vifundo vya misuli ya shingo na mgongo. Ni salama? Naomba mnijibu leo, nimepangiwa kesho asubuhi.

DerevaWa58
Pole dada. Hiyo ni mito. Mimi nilikuwa nalalia miwili, nikiamka siwezi kuangalia kioo cha pembeni. Nikabaki na mmoja mwembamba, na kwenye kiti cha gari nikaweka taulo nyuma ya kiuno. Sasa natoka Buruburu hadi mjini nikiimba.

ShangaziWaUmoja
Sisi tulikandwa kwa maji moto na chumvi, tukalala. Nyinyi mnashona hadi usiku wa manane mkifukuza pesa, halafu mnatafuta wa kuwachoma. Pumzika kwanza, mwanangu.

Fizio_Mitaani
Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo. Nani anakuchoma, na unameza dawa gani?

CherehaniMbili
Anaijua kazi yake. Alimchoma dadangu begani, akainua mkono siku hiyohiyo. Dawa ni za maumivu tu.

Fizio_Mitaani
Muulize nambari ya usajili. Sheria ya 2014 ilitupa fizio baraza letu hapa Kenya, na ukiuliza huko utajua kama yumo.

Kuhusu usalama, kinachoamua ni sindano inaelekea wapi na kuna nini chini yake. Ule msuli mpana wa juu ya bega huinuliwa kwa vidole, ukashikwa kando na mwili, sindano ikapita ndani ya nyama iliyoshikwa. Haielekezwi chini kifuani, kwa sababu ncha ya pafu hupanda juu ya mtulinga. Ikitobolewa, hewa hutoka ikajaa nje ya pafu, na mtu anaweza kuanza kukosa pumzi saa kadhaa baadaye akiwa nyumbani. Kwenye mgongo tunakaa karibu na mstari wa katikati, sindano ikielekea mfupa wa pingili. Ukitanga kwenda pembeni, kati ya mbavu, ni pafu tena.

Kisogoni ndiko ninakoogopa zaidi. Kuna misuli midogo kati ya fuvu na pingili mbili za kwanza, na hapohapo mshipa wa damu unaoenda ubongoni unajipinda juu ya pingili ya kwanza. Fizio wengi, mimi nikiwemo, sehemu hiyo tunaitibu kwa mikono.

CherehaniMbili
Asante, lakini sindano ni nyembamba sana, nimeziona. Yeye ni mkufunzi wa jimu Roysambu, alisoma mafunzo ya wikendi na ana cheti ukutani. Nusu ya pesa nimeshatuma. Fizio wa hospitali ni foleni ya siku nzima, na nikifunga kibanda sili.

MkungaMstaafu
Dawa za maumivu zipi? Zitaje zote.

CherehaniMbili
Diklofenaki, nanunua duka la dawa. Na warfarini, tangu nilipopata donge la damu mguuni. Hiyo ni ya mguu, ndiyo maana sikuitaja.

MkungaMstaafu
Mama, warfarini haichagui mguu. Inapunguza kuganda kwa damu mwili mzima. Na diklofenaki juu yake inaongeza hatari ya kuvuja damu, hasa tumboni. Hiyo acha leo, warfarini usiiache bila daktari wako. Kipimo chako cha mwisho cha INR, kile cha kuganda kwa damu, kilikuwa ngapi? Wengi wa donge la mguuni hulengwa kati ya 2 na 3.

Fizio_Mitaani
Naongezea: mtu wa warfarini akivuja damu ndani ya msuli wa juujuu, nitabonyeza. Akivuja karibu na uti wa mgongo, kidole changu hakifiki. Huyo wa jimu alikuuliza dawa?

CherehaniMbili
Hakuuliza. INR sikumbuki, nilikosa kliniki mbili kwa ajili ya oda za sare za shule.

JichoKali
Wadau, hii hadithi ni ya kutungwa. Mtu wa warfarini asahau warfarini? Na fundi wa miaka yote hiyo shingo imuume ghafla wiki hii? Huyu ni mwanafunzi wa KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, anataka tumfanyie asainimenti.

DerevaWa58
Hata mimi nilianza kushuku. Kila ukiulizwa, kitu kipya kinatokea.

CherehaniMbili
Sina sababu ya kudanganya. Shingo ilikuwa ikinichosha miaka yote, lakini kichwa kilianza Jumatatu, baada ya kujigonga kwenye mlango wa matatu nikishuka. Sikutoka damu. Nilidhani nimetegua shingo.

MkungaMstaafu
Mwacheni. Mama, ulijigonga kichwa, unameza warfarini, na kichwa kinauma tangu siku hiyo? Umetapika? Usingizi usio wa kawaida? Mkono mmoja umelegea?

CherehaniMbili
Kichefuchefu tu. Nitapita hospitali kesho nikitoka Roysambu.

Fizio_Mitaani
Hapana, dada. Kasualti usiku huu, kwenye hospitali yenye skani ya kichwa. Damu inaweza kuvujia ndani ya fuvu polepole kwa siku kadhaa bila jeraha lolote nje. Sema neno warfarini mlangoni, kabla ya jina lako.

JichoKali
Kama ni kweli, nisamehe. Nenda.

CherehaniMbili
Mtoto amelala, na mume yuko zamu ya usiku.

ShangaziWaUmoja
Mwamshe jirani, mwanangu, hakuna jirani atakayekukatalia hilo. Mpigie mumeo mkiwa njiani, na usiende peke yako. Beba kadi ya kliniki na hizo pakiti za dawa, zote mbili.

CherehaniMbili
Jirani amekuja. Tunatafuta gari.