Nimechora mimi, naambiwa sijui maana ya picha yangu!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mtaalamu wa sanaa mnamjua, msinitajishe jina, yule anayevaa skafu hata joto la Januari hapa Dar. Leo kaleta wageni, kasimama mbele ya picha yangu ya ndege, kaanza: wekundu ni damu ya ukoloni, jicho kubwa ni dola inatuchungulia. Wageni wanaandika kama wana mtihani wa NECTA. Nikakohoa. Nikasema samahani bosi, nyekundu niliweka kwa sababu bluu iliisha.

Akanigeukia. WAKUU, AKANIGEUKIA: "Wewe mchoraji hebu tulia kwanza, tunaongelea picha."

Mchoraji tulia! Picha ilijichora? Mzee Edward Said Tingatinga, mwenye mtindo wetu huu wa kuchora, alianza 1968 hivi na vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, akafariki 1972, leo kila mwenye skafu anamsemea. Sawa, marehemu hajibu. Mimi nilikuwa NIMESIMAMA PALE, brashi mkononi. Eti tulia!

Siti ya Dirishani: Nimewahi siti. Uzi bila picha ni batili, mlete huyo ndege.

Kisu Butu: Mkuu, imeuzwa?

Brashi Kavu (mleta uzi): Imeuzwa. Laki tatu na nusu. Sasa hiyo inahusu nini?

Kisu Butu: Kwa habari za bluu kuisha ungepata elfu hamsini. Kampelekee soda mwenye skafu.

Mpingo Mkavu: Wachongaji tulishazoea. Wazee husimulia kwamba Samaki Likankoa kinyago kilimvunjikia mkono, akakipeleka hivyo hivyo kwa mnunuzi, kikapendwa, ndiyo vinyago vya mashetani vya Kimakonde vikaanza. Nia yake ilikuwa mkono mzima. Hakufungua uzi.

Mama Pacha: Afadhali wewe. Mimi nilinunua kanga kwa kupenda pindo, nikajitanda kwenda kutupa taka. Kumbe imeandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Jirani wiki ya tatu hanisalimii, anasema nimempiga kijembe.

Kisu Butu: Hukuisoma?

Mama Pacha: Nilisoma nimeshafika jalalani!

Siti ya Dirishani: Doti bei gani? Nina wifi yangu inamfaa.

Mpingo Mkavu: Ukimpa wewe ni kijembe, akinunua mwenyewe ni nguo.

Brashi Kavu (mleta uzi): Jamani, tulikuwa kwenye ndege wangu. Kasema TULIA, mbele ya wageni...

Mama Pacha: Wewe mchoraji hebu tulia kwanza, tunaongelea kanga.