Asasi inataka kutuletea vyerehani, sisi tunataka chanja za mwani. Tuseme au tunyamaze?

KatibuMicheweni
Assalamu alaykum wanabaraza. Mie ni katibu wa jumuiya ya akina mama wakulima wa mwani huku Micheweni, Pemba. Tumesajiliwa, katiba tunayo, na akaunti ipo ingawa haina kitu cha kutajika.

Imekuja asasi kutoka Unguja, wamepitia kwa sheha kama inavyotakiwa. Wanataka kutujengea ukumbi na kutuletea vyerehani. Ni watu wa heshima, sina la kuwalaumu. Lakini shida yetu si kushona. Mwani tunauanika chini, juu ya makuti. Mvua ya masika ikiushukia unapauka na mnunuzi anaukataa, na ukishika mchanga anatukata bei. Kazi ya bamvua nzima, zile siku za maji makubwa, inapotea hivyo hivyo. Tunachohitaji ni chanja za kuanikia na banda la kuwekea mwani mkavu.

Wenzangu wananambia ninyamaze, tukichagua sana watahamia shehia nyingine. Mliokwisha kushirikiana na asasi kubwa, mlifanyaje?

PwezaWaKisiwaPanza
Waalaykum salaam mwanangu. Sema, na useme kabla hawajaleta hata tofali moja.

Mie nachokoa pweza tangu mdogo. Huku Kisiwa Panza tunafunga mwamba kwa miezi kadhaa, hagusi mtu, kisha tunaufungua siku moja watu wote wakiwepo. Pweza hukua upesi mno, kwa hiyo ukimpa muda huo mdogo tu unamkuta mwingine kabisa. Sasa angalia kazi ile ilivyogawika. Mwamba wa kufunga tuliuchagua wenyewe kupitia kamati ya wavuvi, kwa sababu sie ndio tunaojua mwamba upi unategemewa na bibi vizee wasioweza kwenda mbali. Ukiufunga huo umewafungia chakula. Mwambao, ile asasi ya jamii za pwani, walileta mafunzo na wakatufundisha kupima na kuandika tunachovua. Idara ya uvuvi ndiyo yenye sheria, na bila sheria wavuvi wa dago, wale wanaokuja kupiga kambi kutoka kwengine, hawatusikilizi hata tupige kelele mpaka asubuhi.

Hakuna katika hao ambaye angeweza peke yake. Wala hakuna aliyekuja kutwambia tuache pweza tufuge kuku.

Kwa hiyo usiwaambie hao wageni kwamba hamtaki vyerehani, hilo litawavunja moyo bure. Wachukue wakati wa maji kutoka, wakaone mwani unavyoanikwa, waushike kwa mikono yao. Mwambie yule mama mkongwe kuliko wote awaeleze yeye, si wewe katibu. Kisha waulize: fedha ya ukumbi inaweza kujenga chanja? Asasi nyingi zinaweza kurudi kwa mfadhili wao zikaomba kubadilisha, mradi waombe mapema na wawe na sababu ya kuandika. Mkishapokea ukumbi, hakuna tena cha kuomba.

Na hao wenzako wanaoogopa, nawaelewa. Ila mbia anayekimbia kwa kuambiwa shida yenyewe ni ipi, angekimbia tu siku nyingine.

Mstaafu_Wete
Naunga mkono, na naongeza mawili.

La kwanza, msiridhike na mbia mmoja. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na kwa muda mrefu mkulima alikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, yaani mnunuzi. Mwaka 2006 ikaanzishwa Unguja kongano ya mwani, akiwemo Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, ikawaunganisha wakulima, watafiti, serikali na wafanyabiashara. Kutokana na kazi hiyo akina mama wakajifunza kutengeneza sabuni ya mwani, na zikajaribiwa njia za kupanda kwenye maji ya kina kwa sababu kotoni, ule wa bei nzuri, unakufa maji ya ufukweni yakipata joto. Chanja zitawapa mwani safi, lakini elimu ya kuusaga na kuuza wanayo wengine. Waulizeni hao wa Unguja kama wanaweza kuwakutanisha. Huenda hilo likawa na faida kuliko ukumbi na chanja pamoja.

La pili, makubaliano yaandikwe, kwa Kiswahili, na yasomwe mbele ya wanachama wote na sheha akiwepo. Yaseme chanja ni mali ya nani mradi ukimalizika, na nani ananunua mbao zikioza. Maji ya chumvi hayana huruma na misumari.

KatibuMicheweni
Ahsanteni sana wazee wangu. Nimewasomea wenzangu yote haya jioni, na aliyekuwa mkali kuliko wote ndiye aliyejitolea kuwapeleka wageni pwani. Tumeshamwomba sheha awaite bamvua ijayo. Mstaafu, hilo la mali ya nani hatukuwa tumelifikiria kabisa. Jumuiya ikisimamia chanja, je, mwanachama akitoka anadai fungu lake? Katiba yetu haisemi kitu.

Mstaafu_Wete
Hadai. Chanja ni za jumuiya, si za mtu mmoja mmoja. Lakini liingizeni kwenye katiba kwa mkutano mkuu, mpeleke marekebisho kwa mrajis, kabla ya kusaini chochote.