Naomba ushauri: serikali ya kijiji inaweza kututoza ushuru bila mkutano mkuu?

Habari za leo wakuu. Kijijini kwetu, halmashauri ya kijiji imetangaza kwamba kila gunia la mahindi linalotoka shambani lilipiwe shilingi 1,000, na asiyelipa apigwe faini. Tangazo lilibandikwa tu kwenye mti pale ofisini. Mkutano mkuu wa kijiji haukuitishwa.

Nilipomuuliza mtendaji, akanijibu kwamba Katiba imewapa madaraka. Nikarudi nyumbani nikaifungua Katiba ya 1977. Kweli, ibara ya 145 inataka kuwe na vyombo vya serikali za mitaa hadi ngazi ya kijiji, na ya 146 inasema lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa wananchi, jamani, si kwa mtendaji! Halafu ibara ya 138 inakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria ya Bunge au utaratibu uliowekwa chini ya sheria hiyo.

Ninavyojua, sheria ndogo ya kijiji hupelekwa kwanza mbele ya wanakijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hii yetu sijaona hata nakala yake.

Sasa wataalamu, nianzie wapi: kwa diwani, kwa mwanasheria wa halmashauri, au kwa mkuu wa wilaya? Na je, nilipe kwanza ndipo nilalamike? Magunia yangu 30 bado yako shambani na mvua inanukia.