Naomba ushauri: mwaka wa kuanzishwa kwa shule ya masista

Hamjambo wapendwa. Naandika historia fupi ya shule yetu ya wasichana, iliyoanzishwa na Masista wa Loreto (shirika la watawa Wakatoliki), wale waliofika Kenya mwaka 1921 wakitokea Ireland. Nimekwama kwenye mwaka wa kuanzishwa. Bibi zetu waliosoma hapo wanahesabu tangu bweni lilipofunguliwa, jiwe la msingi la kanisa dogo lina mwaka mwingine (na nusu limefutika!). Rejista za ofisini nimezipitia, zinaanza baadaye sana.

Je, lile daftari la matukio linaloandikwa konventini (nyumba ya masista) huhifadhiwa na shirika lao au na jimbo la Kanisa? Na umri wa shule huhesabiwa tangu wanafunzi wa kwanza walipoingia, au tangu iliposajiliwa? Asanteni.