Dr. Feelgood: nianze na Down by the Jetty, Stupidity, au nichukue kasha zima la CD?

Mzee_wa_Kona
Wakuu habari za jioni. Nataka kuzirudia albamu za Dr. Feelgood, ile bendi ya Uingereza, za miaka ya 70, na safari hii ninunue vitu vya kudumu, nimechoka kuzisikiliza vipande vipande kwenye simu. Kuna ndugu anatoka Uingereza mwezi ujao, atabeba. Nimebaki na vitu vitatu: santuri ya Down by the Jetty ya 1975, santuri ya Stupidity ya 1976, au kasha la CD la All Through the City. Kipi kitangulie? Tafadhali wanaozijua wajibu, sitaki "zote nzuri mkuu".

FundiSindano
Una gramafoni gani? Katriji gani, yaani kile kichwa kinachoshika sindano? Amplifaya ina kitufe cha mono? Bajeti? Ndugu anakuja na begi la mkononi au sanduku la kupakia chini? Umeacha yote ya maana, mkuu. Tutapiga ramli.

DadaSanturi
Wakati tunasubiri majibu yake: Stupidity. Bendi hii ilikuwa ya jukwaani. Upande wa kwanza umerekodiwa Sheffield City Hall, wa pili ukumbi wa Kursaal kule Southend, vyote 1975, na ilipotoka 1976 ikapanda hadi namba 1 Uingereza. Albamu ya jukwaani, ya watu wanne, bila kinanda, bila tarumbeta. Hiyo namba 1 haikuja kwa bahati.

mtu_wa_bluzi
Dada, kwa heshima, napinga. Stupidity ni tunda, Jetty ni mbegu. Ukianza na Stupidity utadhani nguvu ni kelele za watu ukumbini. Sikiliza Jetty uone Wilko Johnson anavyofanya kazi ya wapiga gitaa wawili kwa mkono mmoja: hana kichuna, anapiga kwa vidole vitupu, mdundo na sauti ya juu vinatoka pamoja. Staili hiyo aliichukua kwa Mick Green wa Johnny Kidd and the Pirates, na kwenye Jetty upo wimbo wa Green mwenyewe, "Oyeh!". Nyuma yake John B. Sparks kwenye besi na The Big Figure kwenye ngoma hawaongezi hata noti moja ya mapambo. Kisha Lee Brilleaux na harmonika yake, sauti kama ya mtu anayedai deni.

Mzee_wa_Kona
Samahani wakuu. Gramafoni ni ya kuzungushwa kwa mkanda wa mpira, katriji Audio-Technica VM95E. Kitufe cha mono sikijui, kwani kinahusiana nini? Bajeti laki tatu hivi. Nipo Tanga. Begi bado sijamuuliza.

FundiSindano
Kinahusiana sana. Down by the Jetty ilitolewa kwa mono, yaani sauti ileile moja kushoto na kulia, na huo ulikuwa mwaka 1975 ambapo kila bendi ilikuwa inatoa stirio. Prodyuza Vic Maile na bendi waliona mono ndiyo inayobana ile sauti. Usidanganywe na namba ya UAS 29727 kwenye jalada, hiyo S haimaanishi utasikia stirio.

Sasa kwenye gramafoni. Katriji ya stirio inasoma mwendo wa sindano kwenda pembeni na pia juu na chini. Muziki wa mono umo kwenye mwendo wa pembeni peke yake. Ule wa juu na chini kwenye santuri ya namna hiyo ni uchafu mtupu: vumbi, uchakavu, mngurumo wa mashine. Ukibonyeza mono, pande mbili zinajumlishwa na sehemu kubwa ya uchafu huo inajifuta. Nakala iliyochoka inaweza kusikika imepona.

VM95E iweke uzito wa sindano gramu 2.0. Inaruhusu 1.8 hadi 2.2, usishuke chini kwa kuogopa kuumiza santuri, maana sindano inayoelea ndiyo inayogonga kuta za mifereji. Na usinunue sindano ya mono ya zamani, ile nene ya mikroni 25. Hiyo ni ya santuri za miaka ya 50. Hii ya 1975 imekatwa kwa mashine ya stirio hata kama muziki wake ni mono, kwa hiyo mikroni 18 ndiyo saizi yake.

Kama amplifaya haina kitufe, ingiza sauti kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity, changanya pande mbili ziwe moja, basi. Usiunganishe tu nyaya mbili za kutokea kwa kuzisokota, kuna amplifaya hazipendi.

mtu_wa_bluzi
Ndiyo maana nasema Jetty. Ala nne tu. Ukizitenganisha kushoto na kulia, katikati panabaki pengo. Mono inakuja kama ngumi moja.

ChiefWaLeeds
Kuna toleo la CD mbili la Jetty la 2006, moja mono nyingine mchanganyiko wa stirio. Kwa anayetaka kulinganisha bila kubishana ni hilo. Kasha la All Through the City ni la 2012, CD tatu na DVD moja, linachukua kipindi chote cha Wilko kuanzia 1974 hadi 1977: Jetty, Malpractice, Stupidity, Sneakin' Suspicion, na diski ya ziada yenye vipande vilivyoachwa. Laki tatu itabana kwenye kasha. Angalieni bei za zilizouzwa kwenye Discogs, lile soko la santuri la mtandaoni, msiangalie za waliotangaza, kutangaza hakuna gharama.

Chumvi_Pwani
Kabla hujatuma hela kwa yeyote, Mzee wa Kona, soma hii hadi mwisho.

Niliagiza nakala ya Malpractice kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji. Kwenye tangazo: VG+ (daraja la hali nzuri sana), jalada zuri. Kilichotokea, kwa mpangilio:

Kwanza, santuri ilisafirishwa ikiwa ndani ya jalada. Njia nzima ilikuwa inateleza na kugonga mshono, ikapasua juu na upande. Inatakiwa itolewe, iwekwe kwenye mfuko wake wa ndani nyuma ya jalada, vyote vibanwe kati ya kadibodi mbili ngumu.

Pili, kifurushi kilikaa ghalani bandarini siku nyingi, kimelazwa na mizigo juu. Joto peke yake si lazima lipinde santuri, na uzito peke yake vilevile. Vikikutana, plastiki inalainika na kushika umbo la kilichoilalia. Ilifika ukingo umeinuka kama sinia.

Tatu, ukingo ukiinuka, wimbo unaoumia ni wa kwanza wa kila upande. Upande A unaanza na "I Can Tell" ya Bo Diddley, na gitaa la mwanzo ndilo sindano ilikuwa inaliruka.

Nne, matibabu. Vioo viwili vya milimita 6, santuri katikati, kitabu kizito juu, wiki mbili kivulini. Ukingo ulishuka kidogo. Shida ni kwamba santuri si bapa: ukingo na sehemu ya lebo ni nene kuliko mifereji, kwa hiyo kioo kinakandamiza hapo tu. Fundi mmoja akashauri ovena. Ovena ya nyumbani inapanda na kushuka, kipimo cha mlangoni kinasema 50 ndani ni 70. Ilitoka imenyooka kabisa, na ina mngurumo wa "shuu" kila mzunguko ambao haukuwepo. Mifereji ilikuwa imeanza kulainika.

Tano, muuzaji alijibu kwamba VG+ ni ya usikivu, haihusu umbo. Kwa hiyo uliza kwa maandishi: imepinda? imechezwa au imetazamwa tu? Asiyejibu moja kwa moja, achana naye.

DadaSanturi
Pole sana. Na Malpractice ilivyo tamu! Watu wanairuka kwa sababu ilitoka Oktoba 1975, Jetty ilitoka Januari mwaka huohuo, wanaona kama mabaki. "Back in the Night" pekee yake inatosha.

Mzee_wa_Kona
Duh. Basi ndugu abebe mkononi.

Mkaa_Kivulini
Wakuu, hivi tunajadili wazungu wa kisiwani Essex wakati mwaka huohuo 1975 Mbaraka Mwinshehe alikuwa na Super Volcano hapa nyumbani? Mlishawahi kufungua uzi wa kulinganisha albamu zake?

mtu_wa_bluzi
Fungua, tutakuja. Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz 1973 akiwa kileleni, kuna mengi ya kusema. Ila hapa mtu ameuliza swali.

Mkaa_Kivulini
Sawa mkuu, ila mngekuwa mnajibu. Mmeshazama kwenye maovena.

ChiefWaLeeds
Mkaa, uhusiano na Afrika upo, mdogo: Lee Brilleaux alizaliwa Durban, Afrika Kusini, 1952. Alifika Canvey, hicho kisiwa chao cha Essex, bado mtoto. Mambo mengine yote ni ya mlango wa mto Thames, matenki ya mafuta na matope.

Na mnisamehe, mbona hakuna anayetaja enzi za Gypie Mayo? Wilko aliondoka 1977 wakati wa Sneakin' Suspicion, ugomvi ukiwa juu ya wimbo wa Lew Lewis, "Lucky Seven". Akaja Gypie kwenye gitaa. Albamu ya Be Seeing You ikatengenezwa na Nick Lowe mwaka huohuo, kisha Private Practice ya 1978 chini ya Richard Gottehrer. Humo ndimo ulimo "Milk and Alcohol", singo yao iliyofika namba 9 mwanzoni mwa 1979. Waliichapa kwa plastiki nyeupe na ya kahawia, maziwa na pombe.

mtu_wa_bluzi
Gypie fundi, hakuna ubishi. Lakini Gypie alikuwa mpiga gitaa wa bluzi mwenye noti nyingi. Angeingia bendi yoyote akafaa. Wilko asingefaa kwingine.

ChiefWaLeeds
Hiyo ni sifa au lawama?

DadaSanturi
Mimi naona Be Seeing You inaonewa. Lowe hakuipamba. Ila mapigo yamelegea kidogo, kweli, lile gitaa la kukata kata halipo, na The Big Figure anajikuta amebaki na nafasi kubwa ya kujaza.

FundiSindano
Turudi. Mzee wa Kona, jalada la santuri ni kama sentimita 31.5 kila upande. Begi la mkononi la sentimita 55 kwa 40 linalibeba vizuri, isimame wima nyuma ya nguo, isilazwe chini ya viatu. Gari likiwa juani isiachwe humo hata dakika kumi. Tanga mchana unaujua.

Ikifika, isafishe kabla ya kuicheza hata kama inang'aa. Maji ya betri yasiyo na asidi, soma lebo vizuri maana maduka mengine huuza yote mawili kwenye chupa zinazofanana. Sehemu nne za maji, moja ya isopropili (spiriti ya kusafishia), tone moja la sabuni ya vyombo kwa nusu lita. Kitambaa laini kisichotoa nyuzi, futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikate kwenda katikati. Lebo isiguswe na maji. Suuza kwa maji matupu ya aina ileile, simamisha ikauke. Sabuni isiyosuuzwa inaganda mferejini na sindano inaikusanya kama ugoro.

Mfuko wa ndani wa karatasi utupe, au uuhifadhi pembeni kama una maandishi. Pwani karatasi inavuta unyevu, ukungu unaanza. Tumia mfuko laini wa poliethilini. Ile mifuko ya plastiki nene inayong'aa, ya PVC, usiiguse, inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe juu ya santuri na hautoki.

Bibi_Kiswani
Jamani samahani niulize nje ya mada. Hayo maji yenye isopropili yanafaa kwa santuri za zamani nzito za marehemu bibi? Kuna mbili za Siti binti Saad.

FundiSindano
HAPANA, mama. Tafadhali usithubutu. Hizo ni za mizunguko 78 kwa dakika, zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, na shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Ukipaka utafuta sauti ya Siti kwa mkono wako. Maji safi na tone la sabuni tu, haraka haraka, kausha hapohapo. Na usizicheze kwa sindano ya kawaida, mifereji yake ni mipana zaidi ya mara tatu. Lebo ya HMV, mbwa na gramafoni?

Bibi_Kiswani
Ndiyo, ina mbwa.

Mkaa_Kivulini
Mama shikilia hizo! Siti alikwenda kurekodi Bombay kwa HMV mwaka 1928. Piga picha ya lebo na namba zilizochongwa pale mwisho mtupu karibu na lebo, weka hapa. Na usizipange moja juu ya nyingine, zisimame wima. Shelaki inapasuka kirahisi.

DadaSanturi
Sasa uzi umepata maana 😄

mtu_wa_bluzi
Mzee wa Kona bado hajaamua. Jetty, mono, gramu 2.0. Nimemaliza.

DadaSanturi
Stupidity. Na ndugu akague kama ndani kuna ile singo ndogo ya bure iliyokuja na nakala za mwanzo. Wengi waliitoa wakaiuza peke yake, muuzaji anasema "kamili" na haimo.

Mzee_wa_Kona
Nimewasikia wote. Ndugu amejibu usiku huu: begi ni la mkononi tu, na nusu yake tayari ni maziwa ya mtoto. Anauliza kama CD zinatosha. Je ile Jetty ya CD mbili ya 2006 bado inapatikana mpya, au nitafute iliyotumika? Na mama Kiswani, picha za lebo bado tunazisubiri.