Grey Gardens: mama ni yupi, binti ni yupi?

mpiga_pasi: Wadau, wiki nzima napiga pasi nikisikiliza nyimbo za Grey Gardens, ule mchezo wa jukwaani wa kuimba wa Marekani kuhusu mama na binti yake. Sauti ya mama sehemu ya kwanza ndiyo ya binti sehemu ya pili, au masikio yangu yamezeeka?

paka_shume: Masikio mazima kabisa. Ni mwigizaji mmoja, Christine Ebersole. Mwaka 1941 yeye ni Edith mama, nyumba inang'aa. Baada ya mapumziko ni 1973, nyumba imejaa paka, naye sasa ni binti: soksi za kubana kazivuta juu ya kaptula, sketi inageuka joho, na anakueleza sababu zake kwa makini! Mama anachezwa na Mary Louise Wilson. Wote wawili walipata Tony, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani Marekani, 2007.

kiti_cha_nyuma: Na mama na binti hao walikuwepo kweli, East Hampton huko, jimbo la New York. Mama ni shangazi yake Jacqueline Kennedy, mke wa Rais John Kennedy: dada wa baba yake Jacqueline. Ila ile sherehe ya uchumba wa binti, ya 1941 kwenye mchezo, imetungwa.

mpiga_pasi: Shangazi wa damu! Basi ule wimbo wa mama kumchemshia Jerry, yule kijana anayewasaidia kazi za nyumba, mahindi kando ya kitanda ndio ulioniunguzia shati.